Mabomu Sita ya Pelindaba

Mabomu ya nyuklia yaliyopata kuundwa na nchi ya Kiafrika ni sita tu, na yote yaliundwa kwa siri katika Afrika Kusini ya Makaburu.

Urani ichimbwayo ardhini ina atomu za aina mbili hasa. Ile ipasukayo kwa urahisi, yaani urani 235, haifiki hata sehemu moja katika mia. Huko Valindaba, karibu na Pretoria, wataalamu waliichuja urani hata aina hiyo ikawa ndiyo sehemu kubwa. Bomu lenyewe lilifanana na mzinga: kipande kimoja cha urani hufyatuliwa kikakiingia cha pili, na vikishaungana atomu hupasuana zenyewe kwa kasi ya ajabu.

Agosti 1977 setilaiti ya Kisovieti iligundua matayarisho ya jaribio katika jangwa la Kalahari. Mataifa makubwa yalishinikiza, na jaribio likaachwa. Tangu hapo Makaburu walishika msimamo wa kutokiri wala kukanusha. Endapo wangevamiwa, wangewafunulia wakubwa wa Magharibi siri hiyo ili waje kuwanusuru.

Hata hivyo, bomu halikuwapatia heshima wala rafiki. Tena hatari kubwa iliyoukabili utawala ule ilitoka kwa raia walionyimwa haki, na hapana awezaye kuipiga Soweto kwa bomu la nyuklia bila ya kuiteketeza Johannesburg.

Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alilitangazia Bunge kuwa mabomu hayo yaliundwa na yamekwisha kuvunjwa. Wapo wasemao kwamba nia ilikuwa kutowaachia Waafrika silaha hizo. Iwe iwavyo, serikali ya Mandela haikutaka kuyafufua. Mwaka 1995, mataifa yalipojadili Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa wapatanishi wakuu. Mwaka 1996 nchi za Afrika zilitia sahihi mjini Cairo mkataba wa kuzipiga marufuku silaha hizo barani, nao ukapewa jina la Pelindaba, kituo cha utafiti kilicho jirani na Valindaba.

Elimu yenyewe haikuvunjwa. Kinu cha Safari-1 hapo Pelindaba kimekuwa kikitengeneza dawa za mnururisho zitumiwazo hospitalini kuchunguza saratani. Nchi iliyoficha mabomu ilitengwa. Ilipoyavunja, ilipewa kiti na ikasikilizwa.