Milango Mitano ya Fahamu, na Jinsi ya Kuitaja kwa Kifaransa

Watoto, nyumba isiyo na mlango wala dirisha ni giza tupu. Aliye ndani hajui kama mvua inanyesha au jua linawaka. Ndivyo akili yetu ingekuwa kama mwili usingekuwa na milango. Lakini mwili unayo milango, nayo ni mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kwa Kiswahili huitwa milango ya fahamu, kwa sababu mambo ya dunia hupitia humo ili tuyafahamu. Kwa Kifaransa huitwa «les cinq sens». Herufi ya mwisho ya neno «sens» hutamkwa, msiimeze.

Leo tutajifunza kusema habari za milango hiyo kwa Kifaransa. Kazi si ngumu, lakini ina mtego mmoja. Anayeujua mtego hanaswi.

1. Majina na kazi

Shikeni kwanza jina la kiungo, kisha kazi yake, kisha jina la mlango wenyewe.

Macho ni «les yeux». Kazi yake ni «voir», kuona. Mlango huo ni «la vue».
Masikio ni «les oreilles». Kazi yake ni «entendre», kusikia sauti. Mlango huo ni «l'ouïe».
Pua ni «le nez». Kazi yake ni «sentir», kunusa. Mlango huo ni «l'odorat».
Ulimi ni «la langue». Kazi yake ni «goûter», kuonja. Mlango huo ni «le goût».
Ngozi ni «la peau». Kazi yake ni «toucher», kugusa. Mlango huo ni «le toucher».

Jicho moja ni «un œil», lakini macho mawili ni «deux yeux». Msishangae kwamba neno limegeuka. Sisi pia husema jicho na macho, wala hatuoni taabu.

Sasa semeni pamoja na mwalimu, mkigusa kila kiungo:

«Avec mes yeux, je vois la montagne.» Kwa macho yangu naona mlima.
«Avec mes oreilles, j'entends le tambour.» Kwa masikio yangu nasikia ngoma.
«Avec mon nez, je sens la fumée.» Kwa pua yangu nasikia harufu ya moshi.
«Avec ma langue, je goûte le sel.» Kwa ulimi wangu naonja chumvi.
«Avec ma main, je touche le sable.» Kwa mkono wangu nagusa mchanga.

2. Mtego wa neno «kusikia»

Mtego ndio huu. Katika Kiswahili chetu twasema: nasikia ngoma, nasikia harufu ya samaki, nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia maumivu. Neno moja linafanya kazi za watu watano. Kifaransa hakikubali hivyo. Neno «entendre» ni la masikio peke yake. Mtoto akisema «J'entends le froid», anayejua Kifaransa atacheka, maana atafikiri kwamba baridi inapiga kelele.

Tazameni jinsi kila jambo linavyopata neno lake:

Nasikia ngoma: «J'entends le tambour.»
Nasikia harufu ya samaki: «Je sens l'odeur du poisson.»
Nasikia baridi: «J'ai froid.»
Nasikia njaa: «J'ai faim.»
Nasikia kiu: «J'ai soif.»
Nasikia usingizi: «J'ai sommeil.»
Nasikia maumivu ya kichwa: «J'ai mal à la tête.»

Mmeona kanuni? Kwa harufu tunatumia «sentir». Kwa hali za mwili, Kifaransa hakisemi kwamba mtu anazisikia. Husema kwamba mtu anazo. Nasi pia tunaweza kusema: nina njaa, nina kiu, nina usingizi. Basi, kabla ya kufungua kinywa, geuza kwanza neno lako la Kiswahili. Usifikiri «nasikia njaa», fikiri «nina njaa». Ndipo «J'ai faim» itakuja yenyewe.

Mtu asidhani kwamba lugha yetu ni maskini kwa sababu hiyo. Kifaransa nacho kina mahali ambapo neno moja linabeba mizigo miwili. Sisi tuna ulimi, na tuna lugha. Wao kwa yote mawili wana «la langue» tu. Kila lugha hugawanya mambo kwa desturi yake.

3. Kuona si kutazama

Hapa lugha hizi mbili zinakwenda njia moja. Kuona ni «voir», na kutazama ni «regarder». Kusikia ni «entendre», na kusikiliza ni «écouter». Macho yakiwa wazi, huona hata bila wewe kutaka. Lakini kutazama ni kazi ya moyo wako. Mtoto anaweza kusikia sauti ya mwalimu tangu asubuhi hadi saa sita, asisikilize hata neno moja. Tena mwingine anaweza kusikiliza kwa bidii sana na bado asisikie: «J'écoute, mais je n'entends pas.» Ishikeni sentensi hii, tutairudia.

4. Ulimi na pua ni ndugu

Kitu chenye sukari ni «sucré». Chenye chumvi ni «salé». Kikali kama ndimu ni «acide». Kichungu kama kwinini ni «amer».

Fanyeni jaribio hili. Mtoto mmoja afumbe macho na kubana pua kwa vidole. Mwenzake ampe kipande kidogo cha papai, kisha kipande cha ndizi mbivu. Atasema «C'est sucré», lakini itakuwa vigumu kwake kujua lipi ni tunda gani. Aachie pua, na mara atatambua. Maana ulimi hujua utamu, chumvi, ukali na uchungu. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, inayopanda kutoka kinywani mpaka ndani ya pua. Ndiyo sababu mwenye mafua huona chakula kizuri cha mama kama hakina ladha.

5. Mlango mmoja ukifungwa

Huko Ufaransa, katika mji mdogo wa Coupvray, alizaliwa mwaka 1809 mtoto aliyeitwa Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na miaka 3 alichezea chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, akajichoma jicho. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, naye akawa kipofu kabisa. Mwaka 1819 alipelekwa Paris, kwenye shule ya watoto vipofu. Huko alitengeneza maandishi ya nukta zinazoinuka juu ya karatasi, nukta zisizozidi 6 kwa kila herufi, ili kipofu asome kwa ncha za vidole. Aliyatangaza katika kitabu mwaka 1829, akiwa na miaka 20 tu. Alikufa mwaka 1852, lakini maandishi yake yanasomwa mpaka leo katika nchi nyingi, na yanaitwa kwa jina lake.

Kwa Kifaransa twaweza kusema: «Il lit avec ses doigts», anasoma kwa vidole vyake. Mlango wa macho ulifungwa, naye akapitia mlango wa ngozi.

6. Sema mapema

Sasa sikilizeni neno kubwa kuliko yote ya somo hili. Katika madarasa mengi yuko mtoto anayekaa nyuma, ananakili makosa, au hajibu akiulizwa. Wenzake humwita mvivu. Wengine humwita mjinga. Kumbe pengine haoni ubao vizuri, au sikio moja halisikii. Yeye mwenyewe hajui, kwa sababu hajapata kuona kwa macho ya mwingine. Adhani watu wote huona ukungu kama yeye. Basi ajifunze kusema:

«Maître, je ne vois pas bien le tableau.» Mwalimu, sioni ubao vizuri.
«J'écoute, mais je n'entends pas bien.» Nasikiliza, lakini sisikii vizuri.
«Docteur, j'ai mal à l'oreille.» Daktari, sikio linaniuma.

Mara nyingine dawa ya kwanza ni nyepesi: kuhamia benchi la mbele. Mara nyingine inafaa kwenda dispansari. Sikio linalotoa usaha lisiachwe, maana likikaa hivyo kwa muda mrefu laweza kupoteza nguvu ya kusikia. Wala msiingize kijiti ndani ya sikio ili kulisafisha.

Mtauliza: kwa nini tuseme hayo kwa Kifaransa? Kwa sababu Kongo yetu ina lugha nne za taifa: Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Daktari anayefika kwenu pengine amekulia Mbandaka au Matadi au Kananga, naye hajui Kiswahili. Ukimwambia «J'entends la tête», hatakuelewa. Ukimwambia «J'ai mal à la tête», atajua mara moja pa kuanzia.

Lakini kama Kifaransa kimekupotea siku hiyo, usinyamaze. Sema kwa Kiswahili, au onyesha kwa kidole mahali panapouma, na mkubwa mmoja atafasiri. Kuuliza si ujinga, na kusema «sioni» si aibu. Na wewe unayeona vizuri, ukimwona mwenzako anakunja macho mbele ya ubao, usimcheke. Mwambie mwalimu.

Maulizo

1. Taja milango mitano ya fahamu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa.
2. Kwa nini haifai kusema «J'entends le froid»? Tuseme namna gani?
3. Fasiri kwa Kifaransa: nasikia harufu ya moshi, nasikia kiu, nasikia sauti ya mwalimu.
4. Kuna tofauti gani kati ya «voir» na «regarder»?
5. Louis Braille alitumia mlango gani wa fahamu kwa kusoma?
6. Mtoto asiyeona ubao amwambie mwalimu nini?