Uspiriti wa Allan Kardec: Imani, Istilahi na Majibu kwa Wakosoaji

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza misingi ya Uspiriti, fundisho lililoasisiwa nchini Ufaransa katikati ya karne ya 19, na kupima majibu ambayo wafuasi wake wamewapa wakosoaji. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na jina la fundisho hili hushawishika kuandika "imani ya pepo" au "ibada ya mizimu". Tunadai kwamba tafsiri hizo hutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

2.0 Chimbuko

Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wa ukoo wa Fox walidai kwamba wanaongea na wafu kwa njia ya migongo ya ukutani. Miaka michache baadaye Ulaya nzima ilivutwa na vikao vya meza zinazozunguka. Miongoni mwa waliochunguza vikao hivyo mjini Paris ni Hippolyte Léon Denizard Rivail (1804-1869), mzaliwa wa Lyon, mwalimu aliyesomea kwa Pestalozzi huko Uswisi na mwandishi wa vitabu vya sarufi na hesabu. Tarehe 18 Aprili 1857 alichapisha, kwa jina la Allan Kardec, Le Livre des Esprits, kitabu cha maswali na majibu. Toleo la kwanza lilikuwa na maswali 501; lile la 1860 lilizidi 1,000.

Ni Kardec mwenyewe aliyeeneza istilahi spiritisme. Alieleza kwamba neno la zamani, spiritualisme, lilimhusu yeyote anayeamini kuwapo kwa kitu zaidi ya maada, na kwamba jambo jipya lilihitaji jina jipya.

3.0 Misingi ya Imani

Uspiriti hufundisha kwamba yupo Mungu mmoja, asili ya vitu vyote. Roho zote huumbwa sawa, zikiwa hazina elimu, na hukua kiakili na kimaadili kwa kuvaa mwili mara nyingi. Roho haiwezi kurudi nyuma na kuzaliwa mnyama. Baina ya roho na mwili kuna ganda laini liitwalo perispiriti. Roho zisizo na mwili huweza kuwasiliana na walio hai kupitia watu wenye kipawa hicho. Jehanamu ya milele haipo. Yesu ni kielelezo cha maadili, na hisani ndiyo njia ya wokovu.

4.0 Tatizo la Istilahi

Pepo wa mwambao, ambaye humpanda mtu aitwaye kiti na kutaja jina na matakwa yake katika ngoma ya kupunga, kwa kawaida si binadamu aliyekufa. Ni kiumbe wa namna yake. Roho ya Kardec, kinyume chake, ni ya binadamu daima. Mzimu nao hufungamana na ukoo au mahali, na hudai tambiko. Roho ya Kardec haina ukoo wala haipewi sadaka. Kwa hiyo, neno roho ndilo linalokaribia maana zaidi, ingawa linabeba mwangwi wa Biblia na Kurani. Kwa sababu hiyo tumependelea kutohoa: Uspiriti, Waspiriti.

5.0 Wakosoaji na Majibu

5.1 Hoja ya Dini

Tarehe 9 Oktoba 1861 vitabu 300 vya Kispiriti vilichomwa moto hadharani mjini Barcelona kwa amri ya askofu. Wakosoaji hutegemea Kumbukumbu la Torati 18, inayokataza kuwauliza wafu. Kardec alijibu kwamba katazo linathibitisha uwezekano wa jambo, na kwamba Musa alikataza ramli za biashara za zama zake. Jibu la kwanza ni dhaifu, kwani sheria huweza kukataza hata jaribio lisilofaulu. La pili lina uzito zaidi: Kardec alikataa kutumia roho kwa ubashiri au kwa malipo.

5.2 Hoja ya Sayansi

Mwaka 1853 Michael Faraday alionyesha kwa majaribio kwamba meza husukumwa na mikono ya waliokaa bila wao kujua. Mwaka 1888 Margaret Fox alikiri kwamba migongo ilitokana na viungo vya miguu yake. Mwaka uliofuata alikana ungamo hilo. Waspiriti hujibu kwamba fundisho lao halisimami juu ya mtu mmoja, bali juu ya kuafikiana kwa jumbe nyingi zilizotoka mahali mbalimbali. Hata hivyo, jumbe hizo zilichujwa na Kardec mwenyewe, na mafikiano yaweza kutokana na watu kusoma vitabu vile vile. Hoja hii, kwa maoni yetu, haijajibiwa ipasavyo.

5.3 Hoja ya Ubaguzi

Mwaka 1862, katika jarida lake la Revue Spirite, Kardec aliandika juu ya watu weusi kwa kufuata elimu ya mafuvu ya zama zake, akiwaweka katika daraja la chini. Watetezi wanasema kwamba roho haina rangi, na yoyote yaweza kuzaliwa popote. Msingi huo ni kweli ndani ya fundisho, lakini haufuti maandishi. Nchini Brazili, ambako Uspiriti ulipata makao makubwa, mwaka 2007 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko Bahia walifikia makubaliano ya kuongeza maelezo ya tahadhari katika vitabu hivyo.

Brazili yenyewe ni funzo. Kanuni ya adhabu ya 1890 iliufanya Uspiriti kosa la jinai. Sensa ya 2010 ilihesabu Waspiriti wapatao milioni 3.8. Chico Xavier (1910-2002), aliyeandika vitabu zaidi ya 400 akisema ameamliwa na roho, aliyatoa mapato yake kwa hisani. Hisani hiyo haithibitishi kwamba wafu husema. Inathibitisha tu kwamba anayewaita wafuasi hawa waabudu pepo hajawatazama.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Waspiriti wanajibu vizuri hoja ya ushirikina, wanajibu nusu hoja ya Maandiko na ya ubaguzi, na wanashindwa katika hoja ya ushahidi. Mizani hiyo isingewezekana iwapo tungeanza na neno pepo. Mfasiri si hakimu, lakini neno analolichagua humkalisha mshtakiwa kizimbani au humwachia huru. Wanafunzi wetu wa isimu hawana budi kulikumbuka hilo kila wanapoitafsiri imani ya watu wengine.