Jezi ni Plastiki: Safari ya Nyuzi Kutoka Beseni Hadi Ziwa Victoria

Alfajiri barabara za Kaptagat, nje kidogo ya jiji la Eldoret, hujaa wanariadha mazoezini. Wengi wao huvaa jezi za poliesta kwa kuwa ni nyepesi na hukauka upesi. Wasiokimbia nao wanayo nyumbani: trakisuti, sare za shule, marinda ya mitumba. Ni wachache wanaotambua kwamba nguo hizo ni plastiki.

Poliesta hutokana na mafuta ghafi. Kikemia ni PET, ile ile ya chupa za soda. Wanakemia wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliivumbua mwaka 1941. Kiwandani huyeyushwa, ikasukumwa kupitia vitundu vyembamba na kutoka ikiwa nyuzi. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani ni poliesta.

Nguo ikisuguliwa, nyuzi hukatika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba kufua kilo 6 za poliesta kwa mashine huweza kutoa nyuzi karibu 500,000. Akriliki, inayofumiwa masweta, ilitoa zaidi ya 700,000.

Maji ya kufulia yakimwagwa mtaroni, mvua huyapeleka Mto Sosiani unaokatiza Eldoret. Sosiani huingia Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria. Nyuzi za pamba huoza, lakini za PET humeguka tu, na samaki huzimeza.

Je, miili yetu imeguswa? Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipata chembe za plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa, na PET ndiyo iliyoonekana kwa wengi zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Italia waliripoti kuhusu wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo. Waliokutwa na plastiki kwenye mafuta yaliyoganda mishipani walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo takriban mara nne na nusu ya wenzao. Plastiki hizo hazikuwa poliesta, wala utafiti haukuthibitisha kwamba ndizo chanzo. Hata hivyo, ni onyo la kutosha kutufanya tuchukue hadhari.

Kuchoma nguo kuukuu uani hakusaidii. Moshi wake hubeba chembe zinazopenya hadi ndani ya mapafu, na maandishi ya jezi yaliyochapwa kwa plastiki ya PVC huweza kutoa dioksini, sumu inayohusishwa na saratani.

Lililo jema ni kuvaa nguo muda mrefu, kwa kuwa nguo mpya humwaga nyuzi nyingi zaidi inapofuliwa mara za kwanza. Tumia maji baridi. Kufua kwa mikono, kama wengi wetu tufanyavyo, hutoa nyuzi chache kuliko mashine. Pamba, inayosokotwa hapa Eldoret na kiwanda cha Rivatex, huoza, ingawa kilimo chake hunywa maji mengi.

Lakini mzigo huu si wa mfuaji peke yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka wazalishaji wawajibikie bidhaa zao hata baada ya kutumika. Serikali iwabane watengenezaji na waagizaji wa nguo watimize wajibu huo, na kaunti yetu ya Uasin Gishu itenge mahali pa kukusanyia nguo zilizochakaa kabla hazijafika jalalani.