Mwezi wa Muharamu: Jirani Mmoja Afunga, Mwingine Alia

Mvuvi wa dagaa wa Ujiji ajua vema habari za mwezi wa angani. Usiku wa giza huwasha taa zake akaenda ziwani. Mbalamwezi ikizidi, dagaa hawaifuati taa, naye hukaa pwani akitengeneza nyavu. Basi mtu huyo hana shida ya kufahamu jinsi Waislamu wanavyohesabu mwaka wao. Wao huhesabu kwa kuandama kwa mwezi. Miezi 12 ya namna hiyo yapungukiwa na siku kama 11 kuliko mwaka wa kalenda yetu, ndiyo maana siku zao kuu hutangulia mwaka hata mwaka.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo ni Muharamu. Wazee wa Kiswahili huuita Mfunguo Nne, maana ni wa nne tangu kufungua saumu ya Ramadhani. Nao ni mmoja wa miezi minne mitukufu ambayo Waislamu walikatazwa kupigana vita ndani yake.

Pengine mtoto wako atarudi shuleni akuulize: “Baba, kwa nini mwenzangu leo hakula chakula cha mchana, na Ramadhani imekwisha zamani?” Utamjibu nini?

Mwambie hivi. Waislamu walio wengi katika Ujiji na pwani yote ya Tanganyika ni Wasuni. Siku ya kumi ya Muharamu huitwa Ashura, na wengi wao hufunga siku hiyo pamoja na ile ya tisa. Si saumu ya lazima, bali ni ya hiari. Wanafundishwa ya kwamba siku hiyo Mungu alimwokoa Musa na watu wake mkononi mwa Farao. Habari za Musa na Farao tunazijua sisi nasi, maana twazisoma katika kitabu cha Kutoka. Basi mtoto akisikia hayo hatashangaa tena.

Lakini wako Waislamu wengine, yaani Mashia, ambao kwao siku hiyo ni siku ya msiba. Katika Tanzania ni wachache. Wa kwanza wao wengi walikuwa Makhoja, wafanya biashara waliotoka Bara Hindi wakakaa Unguja na miji mingine katika karne ya 19. Tangu miaka ya 1960, kwa kazi ya Bilal Muslim Mission, Waafrika pia waliingia katika madhehebu hayo.

Wanamlilia nani? Wanamlilia Huseini, mjukuu wa Mtume Muhamadi. Mwaka 680 mtawala Yazidi alimtaka Huseini amtii, naye akakataa. Watu wa mji wa Kufa walimwita waje kuwa upande wake, kisha wakamwacha peke yake. Akazingirwa na jeshi kubwa mahali paitwapo Karbala, katika nchi ya Iraki ya leo. Alikuwa na jamaa na rafiki wachache. Wengi hutaja hesabu ya 72. Wakazuiwa maji ya mto Frati, hata watoto wakalia kwa kiu. Wasimulia ya kwamba ndugu yake Abasi aliuawa alipokwenda kuteka maji. Siku ya kumi Huseini naye akauawa, tena katika mwezi ule ule uliokatazwa vita. Dada yake Zainabu alichukuliwa mateka mpaka Dameski, lakini hakunyamaza. Alisema mbele ya wakubwa jinsi ndugu yake alivyodhulumiwa.

Ndiyo sababu Mashia huvaa nguo nyeusi, hukutana kila usiku kusikiliza habari hizo, hulia na kujipiga vifua. Katika Dar es Salaam na Unguja hufanya maandamano. Hawafanyi arusi siku hizo. Baada ya siku 40 hukumbuka tena, na jambo hilo si geni kwetu, maana hata huku Kigoma watu wengi wajua arobaini ya marehemu.

Tena msiba huo wazaa sadaka. Kwa kukumbuka kiu ya Karbala, huwapa wapita njia maji ya kunywa. Hupika vyungu vikubwa wakalisha watu. Wengine huenda kutoa damu kwa ajili ya wagonjwa. Badala ya kulipiza damu iliyomwagwa, huitoa yao ili mwingine aishi.

Sisi na Waislamu hatusadiki mambo yale yale, wala haifai kuficha jambo hilo. Lakini Mapadri Weupe walipofika Ujiji mwezi wa Januari 1879, waliukuta mji wenye Waislamu, na tangu siku hizo tumechota maji ya ziwa moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwahimiza Wakristo na Waislamu wasahau ugomvi wa zamani na kujitahidi kuelewana. Basi tuanzie nyumbani. Jirani akifunga, usimcheke wala usimshurutishe kula. Akilia, usiseme ni mchezo. Nawe usimwambie Msuni, “Poleni na msiba wenu,” wala Mshia, “Heri ya sikukuu”. Kila mmoja mwulize kwa adabu, naye atakueleza.

Tena katika kutoa damu tunaweza kufanya pamoja nao. Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu tu. Mama anayetokwa na damu nyingi akijifungua, na mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, wote huingoja. Mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Hospitalini hakuna atakayeuliza kama chupa ile imetoka kwa Yusufu wa msikitini au Yosefu wa parokiani. Mama yule atataka tu kurudi nyumbani na mtoto wake.