Mkopo Unaosainiwa Bila Kusomwa

Tangazo la maombi ya mikopo ya wanafunzi huwa na safari yake. Katibu muhtasi analiandika kwenye kompyuta, analichapa, bosi analisaini, linagongwa muhuri, kisha linaskaniwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Saini na muhuri ndivyo vinavyolipa uzito, kwa sababu barua isiyo na muhuri hapa kwetu Tanzania ni tetesi tu. Ila hiyo hatua ya kuskani imeligeuza tangazo kuwa picha ya karatasi. Programu ya kusoma skrini, ile inayomtamkia asiyeona maandishi yaliyo kwenye simu au kompyuta, ikilifikia husema “picha” na kusonga mbele. Tarehe ya mwisho, masharti, namba ya kuuliza msaada, vyote vimefungiwa humo. Zipo programu zinazojaribu kutambua maandishi ndani ya picha, lakini muhuri ukiwa umeangukia tarehe, au jedwali la viwango likiwa limeskaniwa kwa kupinda, majibu yanakuwa bahati nasibu.

Na maandishi yenyewe yalikuwepo, kwenye ile kompyuta ya katibu muhtasi. Kuyatoa pamoja na picha hakugharimu hata shilingi.

Nimeanza na tangazo kwa sababu watu wakisikia habari za wanafunzi wasioona, fikra hukimbilia mashine za gharama. Mashine za nukta nundu ni ghali kweli, na bado zinahitajika sana. Lakini kusoma tangazo la mkopo hakuzisubiri. Simu nyingi za Android huja na TalkBack ndani yake. Kwenye kompyuta za Windows ipo NVDA, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 2006, na sauti inayokuja nayo inasoma Kiswahili. Kinachokwamisha mara nyingi ni jambo dogo tu: ukurasa wa Kiswahili ambao aliyeutengeneza ameuacha ukijitambulisha kwa kompyuta kuwa ni wa Kiingereza. Programu inausoma kwa lafudhi ya Kiingereza, na “marejesho ya mkopo” yanatoka kama kelele. Dawa yake ni herufi mbili, “sw”, mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa.

Fomu zina ugonjwa wao. Fomu ya mtandaoni ambayo visanduku vyake havijapewa majina ndani ya programu husomeka hivi: “Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika. Kitufe.” Ipi ni ya namba ya mtihani, ipi ya jina la mdhamini? Anayeona anatazama neno lililo pembeni. Asiyeona anakisia, na akikosea, kosa linaonyeshwa kwa rangi nyekundu. Akijikongoja hadi mwisho, mfumo unaweza kuwa umeshamtoa kwa kuchelewa.

Basi anamwita mtu amjazie: kaka yake, au kijana wa steshenari. Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la usumbufu tu. Anayejaza anaijua nywila yake, anazijua habari za nyumbani kwao, uyatima, umaskini, maradhi ya wazazi, na ndiye anayemsomea mkataba, au anayeamua kutomsomea wote. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ni deni. Mnufaika akishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi hadi liishe. Benki ingemsainisha mtu mzima deni asilolisoma, tungeliita tendo hilo kwa jina lake. Kwa mwanafunzi asiyeona tunaliita kumsaidia.

Kuna kituko kingine pia. Ulemavu ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa katika kumpima mwombaji, na sharti uthibitishwe na daktari wa serikali. Kwa hiyo kijana anaweza kupeleka kwa mganga mkuu wa wilaya, ili athibitishiwe kuwa haoni, karatasi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuisoma.

Kwa viziwi watu hudhani mambo ni mepesi. “Si anasoma?” Anasoma, ndiyo. Lakini kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi yake, na Kiswahili cha maandishi ni lugha waliyojifunza darasani bila kuisikia, Kiingereza kikafuata baadaye. Mwongozo wa kurasa kadhaa uliojaa “mdhamini”, “marejesho” na “rufaa” unamchosha hata anayesikia. Ukisema pia kwamba maelezo zaidi yanapatikana kwa kupiga simu, kiziwi umemfungia mlango. Namba hiyohiyo ikipokea ujumbe mfupi, umeufungua. Video fupi ya lugha ya alama, ikieleza hatua moja baada ya nyingine, itafanya kazi kubwa kuliko mkutano wa waandishi wa habari ambao mkalimani wake ni kivuli kwenye kona ya televisheni. Itengenezwe na viziwi wenyewe, maana alama ya “rufaa” iliyobuniwa ofisini na mtu anayesikia huenda isieleweke na yeyote. Dirisha la rufaa ni fupi, na anayepata habari kwa kuchelewa hukosa bumu (fedha za kujikimu) la mwaka mzima.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Haki ya kupata taarifa imo humo, haihitaji kuombewa. Ninayemwomba ni wewe unayeandaa tangazo, uwe bodi, chuo, halmashauri au mkuu wa shule ya sekondari. Kabla ya kulituma, lifungue kwenye simu yako na ujaribu kunakili sentensi moja. Ikigoma, umetuma picha. Rudi kwa katibu muhtasi, chukua maandishi yake, uyatume pamoja na hiyo picha yenye muhuri.