Usiache Prednisoloni Ghafla

Mwezi huu tuzungumzie tezi mbili ambazo wengi wetu hatujazisikia. Zinaitwa adrenali. Kila moja imekaa juu ya figo. Ni ndogo, lakini bila hizo mtu hawezi kuishi.

Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazopita katika damu na kuuagiza mwili la kufanya. Homoni moja ni adrenalini, ile inayofanya moyo udunde tunaposhtuka au kuumia. Nyingine ni kotisoli. Hii huzuia presha isishuke mno, hutunza sukari katika damu na hutuliza uvimbe.

Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kotisoli kiasi cha miligramu 10 hivi kwa siku. Akivunjika mguu, akiungua, akipasuliwa au akishikwa na malaria kali, ubongo huziamuru tezi ziongeze kazi, na kiasi hicho huweza kupanda mara kadhaa. Mgonjwa akipata nafuu, hurudi kama kawaida.

Je, tezi zikishindwa kuongeza? Hapo ndipo penye hatari. Wako watu wa namna mbili.

Kwanza, wale ambao tezi zenyewe zimeharibika. Daktari Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855. Kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake. Mgonjwa hukonda, huchoka, hutamani chumvi, na ngozi yake huwa nyeusi zaidi, hasa kwenye makovu na ufizi.

Pili, wale waliomeza prednisoloni au deksamethasoni kwa wiki nyingi. Dawa hizi hufanya kazi kama kotisoli. Ubongo ukiona zimejaa katika damu, huacha kuziamuru tezi, nazo hulala. Dawa ikiachwa ghafla, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Huweza kuchukua miezi. Mtu huyo akipata homa kali au ajali, mwili hauna akiba. Presha hushuka, naye anaweza kufa.

Basi tuzingatie haya:

1. Usiache dawa hizi mwenyewe baada ya kuzitumia muda mrefu. Daktari atazipunguza kidogo kidogo. Dozi fupi ya siku chache, kama ile ya pumu, kwa kawaida haina shida hii.

2. Usinunue vidonge hivi dukani ili unenepe au kutuliza maumivu ya viungo.

3. Ukiwa unavitumia na ukapata homa au kuumia, nenda hospitali mapema. Huenda dozi ikahitaji kuongezwa kwa siku chache.

4. Ukitapika dawa, usingoje kesho. Unahitaji sindano ya haidrokotisoni.

5. Kabla ya kupasuliwa au kung'olewa jino, mweleze mhudumu dawa unazotumia, hata kama uliziacha miezi michache iliyopita. Weka karatasi yenye jina la dawa na dozi mahali ambapo watu wa nyumbani wanapajua.

Dalili za hatari ni hizi: kulegea sana, kutapika, maumivu ya tumbo, kizunguzungu unaposimama, na kuchanganyikiwa. Ukimwona mgonjwa wa namna hiyo, mlaze chini, mkimbize hospitali, na useme mara moja: "Huyu anatumia prednisoloni." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha yake.