Watoro wa Rabai

Wajukuu zangu wa Kaptembwo, nyinyi mnaijua ploti: vyumba vingi, geti moja, kila mlango na watu wake. Sasa usiku wa manane mtu anakuja mbio, anagonga geti huku akihema. Nyuma yake kuna wanaume wanaodai kwamba yeye ni mali yao. Ukimfungulia, watakugeukia wewe. Usipomfungulia, utasikia akiburutwa. Na ndani ya ploti wapangaji wameshaanza kubishana: huyu anasema fungua, yule anasema usituletee balaa.

Mwaka 1888 geti hilo lilikuwa Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, na waliokuwa wamekwisha kuingia ni mamia ya watu.

Ili mwelewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia watu wasisafirishwe tena baharini. Lakini shikeni sana neno hili: mkataba ulizuia kuwasafirisha watumwa, haukuzuia kuwamiliki. Chukua ndugu wawili wa tumbo moja kutoka pande za Ziwa Nyasa. Mmoja ameokolewa na manowari ya Waingereza akiwa bado ndani ya jahazi, basi ni mtu huru. Mwenzake alifika miaka miwili mapema, analima mtama katika shamba la bwana huko Malindi, na kwa sheria ataendelea kuwa mtumwa mpaka afe. Ni nani angekaa kimya akijua hivyo?

Hawakukaa. Walitoroka. Wengine walikwenda Witu kwa Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba. Wengine walijenga vijiji vyao msituni, kama Fuladoyo. Wengine walikimbilia kwa wamisheni. Miongoni mwa vituo vyao vilikuwa hivi viwili: Frere Town, kilichoanzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya waliookolewa majahazini, na Rabai, alikoanzia mmisionari Krapf mwaka 1846. Mkipita Mombasa siku moja, ulizeni Kengeleni. Kengele ya Frere Town ndiyo iliyopapatia jina mahali pale. Ililizwa kuwaonya watu hatari inapokuja. Na hatari haikuwa ya kubuni, maana mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukishambulia kituo hicho.

Rabai ilikuwa chini ya mtu ninayetaka mlikumbuke jina lake, William Jones. Alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akasomeshwa Bara Hindi, akarudi Afrika Mashariki kuwa mwalimu na baadaye mchungaji. Huku kwetu Bonde la Ufa alipita kwa miguu mwaka 1885, katika msafara wa Askofu Hannington. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliobaki mpaka pwani. Mtu aliyepata kuuzwa ungemwambiaje awarudishe waliotoroka? Wakubwa wa misheni na balozi wa Uingereza walikuwa wamekataza kuwapokea watoro, lakini Rabai iliendelea kujaa.

Hapa niwavushe bahari, maana Marekani ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo. Mwaka 1850 ilitungwa sheria iliyowalazimu hata watu wa majimbo ya kaskazini, ambako utumwa ulikuwa umekwisha, kusaidia kuwakamata waliotoroka kusini. Mwaka 1854 kijana aitwaye Anthony Burns alikamatwa Boston. Ilibidi askari wajipange barabarani ili apelekwe melini, huku maelfu ya watu wamesimama wakiwazomea. Wengi ambao utumwa ulikuwa haujawahi kuwanyima usingizi waliuona siku ile kwa macho yao, ukipita mbele ya maduka yao. Na jimbo la Carolina Kusini lilipojitenga mwezi Desemba 1860, baada ya Abraham Lincoln kuchaguliwa kuwa rais, tamko lake lililalamika wazi kwamba majimbo ya kaskazini yalikataa kuwarudisha watoro. Miezi minne baadaye mizinga ikalia. Vita vile vya kaskazini na kusini, vya 1861 hadi 1865, viliua zaidi ya wanajeshi 600,000.

Kwa hiyo msikubali mtu awaambie kwamba mabwana wakubwa waligombana tu wao kwa wao katika mabunge. Waliowalazimisha kugombana ni wale waliotembea usiku bila viatu.

Tukirudi Rabai: George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alishuka Mombasa mwezi Oktoba 1888, akakuta pwani inawaka. Kusini mwa pwani hiyo, Abushiri bin Salim alikuwa amekwisha kuwainukia Wajerumani. Mombasa, wenye watumwa walitaka watu wao, na mapanga hayakuwa mbali. Mackenzie alichagua fedha. Kampuni, serikali ya Uingereza, misheni na wafadhili wakachanga, wenye watumwa wakalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wa Rabai wakapewa hati za uhuru.

Damu haikumwagika, nami nashukuru kwa hilo kwa moyo wangu wote. Lakini bado naona uchungu: aliyelima miaka kumi bila ujira hakulipwa, akalipwa aliyemlimisha. Ikawa hivyo tena mwaka 1907, sheria ilipoufuta utumwa katika pwani yote ya Kenya na wenye watumwa wakafidiwa. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, na mabwana wale wale wakaandikisha mashamba kwa majina yao. Waliokuwa watumwa, na watoto wao, wakabaki kuishi na kulima katika ardhi ya mtu mwingine. Bibi na babu zenu waliokaa katika mashamba ya masetla hapa Nakuru walikuwa na jina la watu wa namna hiyo: maskwota. Huko pwani kesi za mashamba hayo hazijaisha hadi leo.